Makosa katika Taarifa za Serikali kwa Vyombo vya Habari: Uzembe au Kusudi?

Katika ukumbi huu wameketi pamoja watu wanaoandika taarifa za serikali, watu wanaozipokea dakika za mwisho kabla gazeti halijaenda mtamboni, na watu wanaozisoma kama wananchi. Na makundi haya matatu ni nadra kupata nafasi ya kuulizana maswali bila hasira.

Lengo la mhadhara huu ni kuchunguza swali linaloulizwa kila taarifa ya serikali inapobainika kuwa na kosa, yaani iwapo kosa hilo limetokana na uzembe au limewekwa kwa kusudi. Majibu ya kawaida ni mawili, na yote hutolewa haraka mno: mtetezi wa ofisi husema kalamu imeteleza, na mkosoaji husema hakuna kitokacho serikalini bila kupangwa. Msimamo utakaotetewa hapa ni kwamba kosa lenyewe, likitazamwa peke yake, haliwezi kulijibu swali hilo, na kwamba kusudi, pale linapokuwepo, huonekana zaidi katika yale ambayo ofisi iliyafanya baada ya kujua kwamba imekosea.

Maneno mawili yanahitaji ufafanuzi kwanza. Taarifa kwa vyombo vya habari, ambayo siku hizi mara nyingi hubeba kichwa cha "Taarifa kwa Umma", ni maandishi ya ofisi yenye nembo na tarehe juu, na chini jina au cheo cha mtoaji baada ya maneno "Imetolewa na", yaliyokusudiwa kuchapishwa au kusomewa watu wengi. Kosa, kwa madhumuni ya mhadhara huu, si herufi iliyorukwa wala nukta iliyosahauliwa, bali ni jambo la hakika lililoelezwa tofauti na lilivyo: idadi, jina, tarehe, mahali, chanzo cha tukio au mpangilio wake. Kuacha jambo ambalo bila hilo msomaji atapotoka nako kutahesabiwa kuwa kosa, ingawa huenda wapo ukumbini watakaopinga. Ikumbukwe pia kwamba baina ya uzembe na kusudi wanasheria huweka hali ya tatu, kutojali, ambayo ni hali ya mtu anayetambua kwamba huenda anayoyasema si kweli lakini akaendelea bila kuhakiki. Hali hiyo itarudi mbele, kwa kuwa ndimo makosa mengi mazito yanamoishi.

Hoja ya kwanza: makosa mengi huzaliwa njiani, kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kudanganya

Anayetaka kuelewa kosa hana budi kuifuata rasimu. Afisa habari hupokea maelezo kutoka kwa wataalamu, aghalabu kwa Kiingereza cha kitaalamu, akayageuza kuwa Kiswahili cha gazetini. Kisha rasimu hupanda kwa mkuu wa kitengo, ikafika kwa mkurugenzi, ikafika kwa katibu mkuu, na kila mmoja akaongeza sentensi au akapunguza, hata inaposhuka tayari kwa kutolewa, yule mtaalamu aliyetoa takwimu haioni tena. Humo ndimo bilioni inamogeuka kuwa milioni. Mwaka wa fedha, ambao kwa Tanzania na Kenya huanza tarehe 1 Julai na kuishia 30 Juni, huchanganywa na mwaka wa kalenda, na makusanyo ya nusu mwaka yakasomwa kana kwamba ni ya mwaka mzima. Saa ya Kiswahili, inayohesabiwa tangu macheo, hugongana na saa ya Kiingereza iliyomo katika rasimu, na mkutano uliopangwa saa 4 asubuhi ukatangazwa kuwa ni wa "saa 10 asubuhi". Taarifa mpya huandikwa juu ya faili la taarifa ya zamani, na cheo cha mtu aliyekwisha kuhamishwa kikabaki chini ya ukurasa. Maofisa habari waliopo hapa wanayajua haya kuliko mtafiti yeyote, na wanajua pia kwamba lawama huwaangukia wao hata pale kosa lilipoingizwa ghorofa ya juu.

Asidhani mtu kwamba makosa ya aina hii ni madogo kwa kuwa hayana nia mbaya nyuma yake. Jioni ya tarehe 9 Novemba 1989, mjini Berlin Mashariki, msemaji wa chama tawala Günter Schabowski alikabidhiwa karatasi yenye kanuni mpya za safari za raia, akaenda nayo kwenye mkutano wa waandishi bila kuisoma vizuri na bila kuwapo katika kikao kilichoipitisha. Karatasi hiyo ilikuwa chini ya zuio la muda, yaani sharti kwamba yaliyomo yasitangazwe kabla ya saa iliyowekwa, nayo ilikuwa saa 10 alfajiri ya siku iliyofuata, ili walinzi wa mpaka wapewe maelekezo kwanza. Alipoulizwa kanuni zinaanza lini, Schabowski alipekua karatasi zake akajibu kwamba zinaanza mara moja, bila kuchelewa. Usiku uleule maelfu ya watu walifurika kwenye vizuizi, na walinzi wasio na maelekezo wakafungua milango. Mpaka uliolindwa kwa miaka 28 ulifunguliwa na msemaji ambaye hakuisoma taarifa yake, na hakuna ushahidi uliopatikana kwamba alikusudia.

Ukubwa wa madhara, basi, hauthibitishi nia. Hili linapaswa kusemwa wazi, maana wakosoaji wengi huanza na madhara, kisha hurudi nyuma kumtafuta mpangaji.

Hoja ya pili: uongo uliopangwa huwa na undani ambao haukuwa na haja

Wapo pia wanaoamini kwamba serikali haziwezi kuandika uongo kwa makusudi juu ya karatasi yenye nembo, na hao warejeshwe mwaka 1960. Tarehe 1 Mei mwaka huo ndege ya kijasusi ya Marekani aina ya U-2 ilitunguliwa ikiwa ndani kabisa ya anga ya Umoja wa Kisovieti. Kiongozi wa Umoja huo, Nikita Khrushchev, alitangaza tarehe 5 Mei kwamba ndege imeangushwa, lakini akaficha kwamba rubani yuko hai. Siku hiyohiyo NASA, shirika la kiraia la anga za juu la Marekani, lilitoa taarifa likieleza kwamba ndege yake ya utafiti wa hali ya hewa imepotea baada ya rubani kuripoti matatizo ya oksijeni akiwa katika eneo la Ziwa Van nchini Uturuki. Ikafuata U-2 nyingine kupakwa alama za NASA na kuonyeshwa kwa waandishi. Tarehe 7 Mei Khrushchev alitangaza kwamba rubani, Francis Gary Powers, amekamatwa na amekiri.

Kinachostahili kuchunguzwa katika taarifa ile ni utajiri wa maelezo yake: ziwa lenye jina, hitilafu yenye aina, kazi yenye madhumuni. Mtu aliyekosea hujua machache, naye huandika kwa tahadhari au kwa mapengo. Aliyetunga hujaza mapengo kabla hajaulizwa. Dalili hii si ya uhakika, lakini mhariri mwenye uzoefu huihisi, hasa pale tukio lina saa chache tu na taarifa tayari inaeleza chanzo chake, hali ya waliohusika na kutokuwepo kwa uzembe wowote. Swali la kuuliza ni moja: ofisi imeyajuaje haya mapema hivi?

Kusudi lina sura nyingine iliyo kinyume cha hiyo, nayo ni ufupi. Ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ilitokea usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, na mji wa Pripyat ulio jirani ukahamishwa kesho yake. Shirika la habari la Kisovieti, TASS, halikutoa neno hadi jioni ya tarehe 28, baada ya mitambo ya kupima mionzi nchini Sweden kutoa ishara, na hata hapo taarifa ilikuwa na sentensi chache tu: ajali imetokea, kinu kimoja kimeharibika, hatua zinachukuliwa, waathirika wanasaidiwa, tume imeundwa. Hakuna katika sentensi hizo iliyokuwa ya uongo. Hata hivyo mionzi haikutajwa, wala mji uliohamishwa haukutajwa, na tarehe 1 Mei wakazi wa Kiev waliandamana mitaani kusherehekea sikukuu ya wafanyakazi pamoja na watoto wao. Msomaji anayehesabu makosa kwa kulinganisha kila sentensi na ukweli angeipa taarifa ile alama zote, na kwa sababu hiyo kuacha jambo kumeingizwa katika tafsiri ya kosa.

Hoja ya tatu: mwelekeo wa makosa husema zaidi kuliko kosa moja

Muuza duka ambaye mizani yake hukosea mara kwa faida yake na mara kwa hasara yake ana mizani mbovu. Ambaye mizani yake hukosea kila siku kwa faida yake ana jambo jingine. Ndivyo na ofisi. Makosa ya uzembe hutawanyika: baadhi huipamba wizara na baadhi huiaibisha. Makosa yanapoinama upande mmoja mwaka baada ya mwaka, kwa mfano idadi za waathirika zikitolewa pungufu na idadi za wanufaika zikitolewa kubwa, neno "bahati mbaya" huanza kukosa nguvu.

Eneo ambalo mwelekeo huu hujificha kwa urahisi ni asilimia. Kiwango kikipanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 6, kimepanda kwa pointi 1 ya asilimia, yaani tofauti tupu ya viwango viwili, lakini kimepanda pia kwa asilimia 20 ya kilivyokuwa. Kauli zote mbili ni sahihi. Ofisi inayosema "asilimia 20" kila inapotangaza mafanikio na "pointi moja tu" kila inapotangaza kupanda kwa bei haijakosea hesabu popote, nayo bado inapotosha.

Mwelekeo, hata hivyo, usomwe kwa uadilifu. Katika shambulio la jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi, lililoanza tarehe 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, maofisa wa Kenya walizungumzia washambuliaji 10 hadi 15, na baadaye uchunguzi ukabaki na 4. Idadi kubwa ilielekea kuvisaidia vyombo vya usalama, kwa kuwa ilieleza kwa nini operesheni ilichukua siku nne. Lakini idadi hiyohiyo ingeweza kuzaliwa na vurugu za eneo lenye moshi, mashahidi waliotishika na mamlaka kadhaa zilizosemea tukio moja kwa wakati mmoja. Hapa mchunguzi mwaminifu hukomea kwenye kutojali: waliotangaza walikuwa na sababu ya kutokuwa na hakika, na wakatangaza kwa sauti ya watu wenye hakika. Kosa kubwa lilikuwa katika sauti hiyo, maana maneno "inakadiriwa" na "bado haijathibitishwa" yapo, na hayagharimu chochote.

Hoja ya nne: saa ya kujua

Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote, na wasikilizaji wataiwia radhi kwa kuchukua muda mrefu. Kila kosa lina saa mbili. Saa ya kwanza ni lilipotolewa. Saa ya pili ni ile ambayo mtu ndani ya ofisi alitambua kwamba ni kosa. Kabla ya saa ya pili, uzembe unawezekana na mara nyingi ndio jibu. Baada yake, kila siku inayopita kosa likiwa limesimama ni siku iliyoamuliwa na mtu.

Historia ya Ghuba ya Tonkin inalionyesha hili kwa uchungu. Tarehe 2 Agosti 1964 boti za Vietnam Kaskazini zilipambana kweli na manowari ya Marekani USS Maddox. Tarehe 4 Agosti ikatangazwa kwamba kumetokea shambulio la pili, na tarehe 7 Agosti Bunge la Marekani likampa Rais Lyndon Johnson azimio lililofungua njia ya vita kamili. Shambulio hilo la pili halikutokea. Mwanahistoria wa shirika la usalama la NSA, Robert Hanyok, aliyechunguza kumbukumbu za mawasiliano yaliyonaswa na ambaye makala yake ilitolewa kwa umma mwaka 2005, alionyesha kwamba mambo yalianza kwa makosa ya kutafsiri na kuzisoma vibaya jumbe hizo, na kwamba badala ya kurekebishwa, ushahidi ulipangwa ili ulingane na kosa. Mwanzoni palikuwa na maofisa waliochoka. Mwishoni palikuwa na maofisa wanaojilinda. Anayeuliza iwapo taarifa ya tarehe 4 Agosti ilikuwa uzembe au kusudi anastahili kujibiwa kwamba ilikuwa vyote viwili, kwa mfuatano, na kwamba sehemu ya pili ndiyo iliyozuia ile ya kwanza kufutwa.

Hata maelezo ya ofisi kuhusu kosa lake yanahitaji kupimwa. Tarehe 13 Januari 2018 simu za wakazi wa Hawaii zilipokea tahadhari rasmi kwamba kombora linakuja, na zikapita dakika 38 kabla ya ujumbe wa kusahihisha kutumwa kwa njia ileile. Umma uliambiwa kwamba mfanyakazi, wakati wa kubadilishana zamu, alibonyeza kitufe kisichostahili. Uchunguzi ulipofanyika ilibainika kwamba mfanyakazi aliamini shambulio ni la kweli, kwa kuwa sauti iliyorekodiwa kwa ajili ya zoezi ilikuwa na maneno yanayosema kwamba hili si zoezi. Tofauti ni kubwa: kitufe humwachia lawama mtu mmoja, ilhali zoezi lililoandaliwa vibaya huifikia taasisi nzima.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, mifano miwili ya Tanzania inafaa kuwekwa pamoja. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, idadi ya waliofariki iliyotangazwa siku ya kwanza ilikuwa zaidi ya 40, siku iliyofuata ikavuka 100, na mwisho ikafika 228, katika kivuko chenye uwezo wa kubeba watu 101. Kila idadi ya awali ilikuwa pungufu, lakini hakuna mwenye haki ya kuiita uongo, kwa sababu kila moja ilikuwa hesabu ya miili iliyokwisha kuopolewa na kila moja iliondolewa na iliyofuata mbele ya watu wote. Takwimu za ugonjwa wa korona, kwa upande mwingine, zilisimama mapema Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na zikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Namba 509 ilipotangazwa ilikuwa hesabu ya siku yake. Haikuhitaji mtu kuiharibu ili iwe kosa, ilihitaji kuachwa tu. Familia zilizokuwa zikizika katika miezi hiyo zilistahili hesabu nyingine.

Hoja ya tano: kosa lisiloruhusiwa kusahihishwa na mwingine hukoma kuwa bahati mbaya

Hoja hii ni fupi kwa kuwa inafuata ile iliyotangulia. Ofisi inayoteleza kwa bahati mbaya hufaidika mtu wa nje akiligundua kosa. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyopitishwa Tanzania mwaka 2018 yalifanya kuwa jinai kuchapisha takwimu zinazotia shaka takwimu rasmi; mwaka 2019 Bunge likakiondoa kizuizi hicho, nalo lilifanya vema. Mwaka huohuo wa 2019, Rais Donald Trump aliposema kwamba kimbunga Dorian kingelipiga jimbo la Alabama, ofisi ya hali ya hewa ya Birmingham, jimboni humo, ilisahihisha ndani ya dakika chache kwamba Alabama haimo hatarini. Siku tano baadaye shirika mama la NOAA lilitoa taarifa isiyo na jina la mtu ikiwakana watabiri wake wenyewe, ambao walikuwa sahihi. Uchunguzi uliofuata ulikuta kwamba maadili ya kisayansi ya shirika yamekiukwa. Taarifa isiyo na mwandishi inayomkana mtaalamu mwenye jina ni ishara ambayo mhariri yeyote, Dodoma au Nairobi, anapaswa kusimama nayo kabla ya kuipitisha.

Yanayofuata

Misingi ya kisheria ya kurekebisha hali hii tayari ipo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu; Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaongeza haki ya kusahihishiwa taarifa isiyo ya kweli inayomgusa mtu; na nchi zote mbili zilitunga sheria za upatikanaji wa taarifa mwaka 2016. Kinachokosekana ni utaratibu wa ofisini. Sahihisho litoke kwa njia ileile iliyobeba kosa na kwa watu walewale. Litaje kosa lilikuwa nini badala ya kuibadilisha taarifa kimyakimya kwenye tovuti, na toleo la zamani libaki likisomeka. Kila taarifa ipewe namba ya kumbukumbu, na daftari la masahihisho liwe wazi kwa umma. Uingereza ina mamlaka huru ya takwimu ambayo mwenyekiti wake huwaandikia mawaziri barua za wazi wanapotumia namba vibaya, na hakuna sababu ya msingi ya bodi za takwimu za ukanda huu kutopewa kazi hiyo.

Utaratibu huo unahitajika haraka kuliko zamani, kwa sababu taarifa bandia zenye nembo na saini husambaa kwa WhatsApp kila wiki, na ofisi zimezoea kuzirudisha kwa umma zikiwa na muhuri mwekundu wa "FEKI". Muhuri huo ni huduma njema. Lakini pasipo daftari lenye namba za kila taarifa iliyotoka, muhuri huohuo unaweza kugongwa juu ya taarifa halisi iliyoleta aibu, na mwananchi hatakuwa na pa kuhakikishia.

Kwa wanafunzi na walimu wao ipo kazi ya kuanza mwezi huu. Taarifa zote za wizara moja kwa mwaka mmoja wa fedha zikusanywe, na kila kosa la hakika liandikiwe mambo manne: lilikuwa nini, lilielekea kumfaidi nani, lilijulikana lini ndani ya ofisi, na lilisahihishwa baada ya siku ngapi. Jambo la tatu litakuwa gumu kulipata, na hapo maombi rasmi chini ya sheria za mwaka 2016 yapelekwe, nakala zake zitunzwe pamoja na majibu, na pale jibu lisipokuja ndani ya muda wa kisheria, tarehe hiyo nayo iingizwe katika jedwali. Maofisa habari waliohudhuria wanaombwa wasiwe watazamaji wa kazi hii, kwa maana wao ndio wanaojua rasimu ilipita mezani kwa nani.